Vitamini na madini: lini chakula kinatosha, na lini kidonge kinahitajika

Katika kliniki ya mama na mtoto, maswali mawili hayaishi. La kwanza: "Nesi, mtoto wangu hali vizuri, nimnunulie vitamini gani?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini kidogo: "Hivi vidonge vya damu ni lazima nimeze? Mbona nakula vizuri?"

Jibu fupi ni hili. Kwa mtu mwenye afya, mlo wenye vyakula vya aina mbalimbali ndio unaompa vitamini na madini anayohitaji, na hana haja ya kununua chupa dukani. Lakini zipo nyakati chache katika maisha ya mama na mtoto ambapo mwili unahitaji zaidi ya kile ambacho sahani inaweza kutoa. Nyakati hizo zinajulikana, na vidonge au matone yake hutolewa kliniki. Familia nyingi hufanya kinyume: hununua chupa wasiyoihitaji, halafu huacha kidonge wanachokihitaji. Makala hii inaeleza jinsi ya kutofautisha.

Kwa nini jambo hili ni zito

Vitamini na madini huhitajika mwilini kwa kiasi kidogo sana, lakini vikikosekana madhara yake ni makubwa. Madini chuma hutengeneza damu na husaidia ubongo wa mtoto kukua. Vitamini A hulinda macho na kuongeza kinga dhidi ya maradhi. Asidi ya foliki huunda uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Madini joto husaidia akili ya mtoto kukua. Zinki husaidia ukuaji na kinga.

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Wengi wao hawalali njaa. Wanashiba ugali, wali au uji, lakini ndani ya mlo huo vitamini na madini ni haba. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na tumbo lililojaa na bado akawa na upungufu.

Anza na sahani

Chakula kina faida ambazo kidonge hakina. Yai moja lina protini, mafuta, vitamini A, vitamini B12 na zinki kwa pamoja. Dagaa anayeliwa mzima, kichwa na mifupa, anatoa protini, madini chuma, zinki na kalisi. Kidonge kinakupa kile kilichoandikwa kwenye pakiti tu. Hakimpi mtoto nguvu wala hakimjengi misuli.

Vyakula hivi vinapatikana maeneo mengi na havihitaji duka kubwa:

- Madini chuma: nyama, maini, dagaa, samaki, maharage, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, ulezi.
- Vitamini A: maini, mayai, maziwa, viazi lishe (vile vya rangi ya chungwa ndani), karoti, boga, majani ya maboga, matembele, embe bivu, papai, mawese.
- Vitamini C: mapera, machungwa, limau, maembe, unga wa ubuyu, nyanya mbichi.
- Asidi ya foliki: maharage, kunde, mboga za majani, parachichi, karanga.
- Zinki: nyama, dagaa, mayai, maharage, mbegu za maboga.
- Kalisi: maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa.
- Vitamini B12: vyakula vyenye asili ya wanyama tu, yaani nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa.
- Madini joto: chumvi iliyoongezwa madini joto, na samaki wa baharini.

Angalia jinsi dagaa walivyojitokeza mara nyingi. Kama fedha ni kidogo, dagaa na mayai ndivyo vya kuvipa nafasi ya kwanza. Mtoto wa miezi 6 na kuendelea anaweza kula dagaa. Chagua wasafi, waoshe, wakaushe vizuri, uwasage wawe unga, kisha pika kijiko kimoja ndani ya uji au mboga yake.

Neno kuhusu unga wa lishe. Wazazi wengi huchanganya mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele, wakiamini kuwa nafaka zikiwa nyingi lishe inaongezeka. Nafaka zote hizo ni kundi moja la chakula. Nafaka moja au mbili zinatosha. Kinachoufanya uji uwe wa lishe ni kile unachoongeza: karanga zilizosagwa, maziwa, yai, unga wa dagaa au mafuta kidogo. Karanga na mahindi yachambue kwanza, uondoe yaliyooza, yenye ukungu au yaliyobadilika rangi, kwa sababu yanaweza kuwa na sumukuvu.

Namna ya kupika na kula ili usipoteze virutubishi

1. Osha mboga za majani kabla ya kuzikata, kisha zipike kwa muda mfupi, chungu kikiwa kimefunikwa. Usimwage maji yake.
2. Weka mafuta kidogo au karanga kwenye mboga. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta.
3. Usitie magadi kwenye maharage wala mboga. Yanalainisha haraka, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva upesi.
4. Kula tunda lenye vitamini C pamoja na mlo. Chungwa, pera au kachumbari yenye limau husaidia mwili kuchukua madini chuma yaliyo kwenye maharage na mboga.
5. Usinywe chai wala kahawa pamoja na chakula. Huzuia madini chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja au mbili baada ya kula. Mtoto mdogo asipewe chai kabisa.
6. Nunua chumvi yenye madini joto, uihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto. Itie chakula kikikaribia kuiva. Chakula cha mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hakihitaji kuongezwa chumvi.
7. Unaponunua unga wa ngano au mafuta ya kula, soma pakiti uone kama vimeongezwa virutubishi. Unga wa mahindi unaosagwa mashine ya mtaani kwa kawaida haujaongezwa kitu. Ukisaga mwenyewe, dona ina virutubishi zaidi kuliko sembe kwa sababu haijakobolewa.

Nyakati ambazo chakula peke yake hakitoshi

*1. Mama anayepanga kubeba mimba na mama mjamzito*

Wakati wa ujauzito damu ya mama huongezeka, na mtoto naye anajiwekea akiba yake ya madini chuma. Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 za madini chuma kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban miligramu 4, na mwili huchukua sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa hesabu hiyo angehitaji karibu vikombe 7 vya maharage kila siku. Hakuna anayeweza. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito ameze kila siku madini chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400, hata kama anakula vizuri na hajisikii mgonjwa.

Asidi ya foliki ina haraka yake. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Ukikosa foliki ya kutosha wakati huo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka, na kidonge cha mwezi wa tano hakiwezi kurudisha nyuma. Kama unapanga kupata mtoto, nenda kliniki uombe asidi ya foliki mapema, kabla ya kushika mimba.

Kama kituo chako kinatoa kidonge cha mchanganyiko wa vitamini na madini, muulize mhudumu kama madini chuma na foliki vimo ndani yake. Vikiwemo, usimeze na vile vya zamani bila kuelekezwa.

Baada ya kujifungua endelea na vidonge vya damu kama utakavyoelekezwa. Maeneo yenye upungufu mwingi wa damu, Shirika la Afya Duniani hushauri wiki 6 hadi 12.

*2. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati*

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na uzito mzuri huwa na akiba ya madini chuma ya kumtosha takriban miezi 6, huku akinyonya maziwa ya mama peke yake. Haihitaji vitamini ya dukani, uji wala maji. Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 akiba yake ni ndogo. Muulize mhudumu kuhusu matone ya madini chuma. Usiyanunue na kukadiria mwenyewe, kwa sababu kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto.

*3. Mtoto wa miezi 6 hadi 59: matone ya vitamini A*

Mtoto hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Mwenye miezi 6 hadi 11 hupata yuniti 100,000, na mwenye miezi 12 hadi 59 hupata yuniti 200,000. Ini huihifadhi vitamini hii na kuitoa kidogo kidogo. Nchini Tanzania matone hutolewa hasa mwezi wa Juni na Desemba, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, pamoja na dawa za minyoo kwa watoto waliofikisha mwaka mmoja. Hakikisha yanaandikwa kwenye kadi ya mtoto. Usimpe matone mara mbili katika kipindi kimoja kwa kudhani ni bora zaidi.

*4. Mtoto anayeharisha: zinki*

Pamoja na ORS, mtoto anayeharisha hupewa zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Hufupisha ugonjwa na kupunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata. Wazazi wengi huacha siku ya tatu mtoto akishapata nafuu. Maliza siku zote ulizoandikiwa. Endelea pia kumnyonyesha na kumlisha.

*5. Mtoto mwenye utapiamlo mkali*

Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu hatibiwi kwa sirapu ya vitamini. Anahitaji chakula dawa na uangalizi wa mhudumu. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

*6. Mwenye ugonjwa maalumu*

Mtoto mwenye selimundu kwa kawaida huandikiwa asidi ya foliki. Asipewe madini chuma bila kupimwa, kwa kuwa damu yake inapovunjika chuma hubaki mwilini, na kikizidi kinadhuru. Wanaotumia dawa za kifua kikuu, kifafa au VVU nao wafuate maelekezo ya kliniki yao.

Kumeza vidonge vya damu bila kuteseka

Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu, tumbo kuuma au choo kigumu. Jaribu haya kabla ya kuacha:

- Meza usiku baada ya chakula, ukielekea kulala.
- Meza na maji au juisi ya chungwa. Usimeze na chai, kahawa wala maziwa.
- Kunywa maji ya kutosha, kula matunda na mboga ili choo kiwe laini.
- Choo kuwa cheusi ni kawaida. Hakimaanishi kuwa unatoka damu.
- Ukisahau siku moja, endelea kesho na kidonge kimoja. Usimeze viwili kufidia.
- Bado unasumbuliwa? Mwambie mhudumu. Kipimo kinaweza kubadilishwa.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Asidi ya foliki inauzwa pia katika vidonge vikubwa vya miligramu 5, ambavyo ni zaidi ya mara 12 ya kipimo cha kawaida cha mjamzito. Kiasi hicho hupunguza nguvu ya dawa ya SP unayopewa kliniki kujikinga na malaria. Usijinunulie vya miligramu 5 bila kuandikiwa.

Baba wa mtoto, mama mkwe au dada anayeishi na mjamzito anaweza kusaidia kwa kumkumbusha kila usiku. Hilo tu lina msaada mkubwa.

Vipi kuhusu chupa za dukani?

Mtoto asiyekula vizuri mara nyingi ana sababu. Huenda ana malaria, vidonda mdomoni, minyoo, mafua, anaota meno, au ameshiba chai na biskuti kabla ya mlo. Sirapu haiondoi sababu hiyo. Chukua kadi yake ya kliniki uangalie mstari wa ukuaji. Kama unapanda, mtoto anakula kiasi kinachomtosha hata kama wewe unaona ni kidogo. Kama umelala au unashuka, mpeleke akapimwe.

Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za kuongeza hamu ya kula si vitamini. Ndani yake mna dawa ya mzio inayoleta usingizi. Usimpe mtoto bila kuandikiwa na mtaalamu.

Kabla ya kununua chupa, jiulize: fedha hii ingenunua mayai mangapi? Dagaa kiasi gani? Kwa mtoto mwenye afya, mayai na dagaa ndiyo matumizi bora ya fedha hiyo.

Vikizidi navyo vinaumiza

Vitamini C na nyingi za kundi B zikizidi hutoka na mkojo. Vitamini A na D hubaki mwilini, na zikizidi huleta sumu. Mjamzito asinunue vidonge vyenye vitamini A nyingi, kwa sababu vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo, maini yasiwe chakula chake cha kila siku, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Nyama, dagaa na samaki vinafaa zaidi.

Vidonge vya madini chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo akivimeza vingi. Kwa mtoto vinafanana na pipi. Viweke juu, mahali pa kufungwa. Mtoto akivimeza, hata kama anaonekana mzima, mpeleke hospitali mara moja ukiwa na pakiti mkononi.

Yanayosemwa mtaani

*"Juisi ya rozela au soda na maziwa inaongeza damu."* Rangi nyekundu haina uhusiano na damu. Juisi ya rozela isiyo na sukari nyingi haina ubaya kama kinywaji, lakini haichukui nafasi ya kidonge. Soda na maziwa haiongezi damu.

*"Vidonge vya damu vinafanya mtoto awe mkubwa, ushindwe kujifungua."* Si kweli. Vinapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na vinakupa akiba ya damu ya kukusaidia ukitokwa damu wakati wa kujifungua.

*"Mjamzito asile mayai."* Mayai yaliyoiva vizuri ni salama na yanamfaa sana.

*"Hamu ya kula udongo ni ya kawaida tu."* Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini chuma. Udongo wenyewe huzuia madini hayo na unaweza kuleta minyoo. Sema kliniki, hakuna wa kukucheka.

Mfano wa mlo wa siku moja

Mtoto wa mwaka mmoja, ambaye bado ananyonya:

- Asubuhi: uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa.
- Saa nne: papai au parachichi lililopondwa.
- Mchana: ugali laini, mchicha uliotiwa mafuta na kijiko cha unga wa dagaa.
- Alasiri: yai la kuchemsha.
- Jioni: kiazi lishe kilichopondwa na maharage, kipande cha chungwa.

Shirika la Afya Duniani hupanga vyakula vya mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika makundi 8, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo, na linataka apate angalau 5 kwa siku. Mlo huu unafikia.

Mjamzito afuate chakula cha familia, aongeze mlo mdogo mmoja au zaidi, ale kitu chenye asili ya wanyama kila anapoweza, na kidonge chake usiku.

Nenda kituo cha afya ukiona haya

- Viganja, ulimi au ndani ya kope vimepauka.
- Unachoka, moyo unaenda mbio au unahema ukitembea kidogo.
- Mtoto haongezeki uzito, amevimba miguu, amelegea au hachezi.
- Mtoto haoni vizuri giza linapoingia.

Omba upimwe wingi wa damu. Kwa mjamzito, kipimo chini ya 11 ni upungufu wa damu, na chini ya 7 ni upungufu mkali unaohitaji matibabu ya haraka.

Ukienda kliniki safari ijayo, beba kadi yako, kadi ya mtoto na kila kidonge au chupa unayotumia nyumbani, hata ya mitishamba. Uliza: "Katika hivi, kipi nahitaji na kipi niache?" Mhudumu akiviona vyote mezani, atakujibu kwa uhakika.